Faili Nene na Faili Jembamba

Kuna desturi moja imeingia katika mazungumzo yetu, na mimi nasema ni desturi mbaya. Kila habari za makampuni zinapozungumzwa, iwe ni kwa kinyozi, iwe ni ndani ya daladala ya Ngaramtoni kwenda mjini, iwe ni katika safu za magazeti, watu huuliza swali moja tu: ni kampuni ipi iliyoandikwa mabaya mengi? Ikishapatikana hiyo, hukumu hutolewa papo hapo. Hii ndiyo mbaya. Zile nyingine, maadamu hazikuandikwa, ni nzuri, au walau ni afadhali. Hakuna anayeuliza swali linalopaswa kutangulia: je, makampuni haya yote yanatakiwa na sheria kuandikwa sawasawa? Au moja limevuliwa nguo hadharani na jingine limeachwa lijifunike blanketi hadi puani?

Mimi nimefanya kazi ya uhasibu miaka mingi katika shirika moja la umma, kabla ya kurudi hapa Ngaramtoni kulima nyanya na maharage katika eka moja isiyotimia. Katika kazi ile mtu hujifunza upesi kwamba ukurasa mtupu wa daftari haushuhudii kuwa hakuna fedha iliyotoka. Unashuhudia tu kuwa hakuna aliyeandika. Mkaguzi anayeona ukurasa mtupu akasema "hapa pako sawa" hafai kupewa kalamu. Lakini ndivyo tunavyosoma habari za makampuni, wasomi kwa wasiosoma.

Hebu tutazame kwanza zile zilizovuliwa nguo. Kila baada ya miezi mitatu kila benki hapa nchini hulazimika kuchapisha hesabu zake magazetini: amana, mikopo, faida au hasara, mikopo chechefu, hata idadi ya matawi na ya wafanyakazi. Mtu mwenye miwani na subira anaweza kukaa chini ya mti akalinganisha benki hii na ile. Makampuni ya simu nayo huhesabiwa. Mamlaka ya Mawasiliano, TCRA, hutoa takwimu kila robo mwaka zikionyesha kila kampuni ina laini ngapi. EWURA hutangaza kila mwezi bei kikomo za mafuta, mji kwa mji, na kila mwaka hutoa ripoti ya utendaji wa mamlaka za maji, pamoja na kiasi cha maji kinachopotea njiani kabla ya kumfikia mteja. Kampuni iliyo katika Soko la Hisa la Dar es Salaam, soko lililoanza biashara mwaka 1998 likiwa na kampuni moja tu, ile ya gesi ya oksijeni, TOL, haina budi kutoa hesabu zilizokaguliwa. Migodi nayo, tangu Tanzania ilipojiunga mwaka 2009 na mpango wa kimataifa wa uwazi katika tasnia ya uziduaji, na zaidi tangu sheria ya mwaka 2015, malipo yake kwa Serikali hulinganishwa na kile ambacho Serikali inasema imepokea, na tofauti hutangazwa.

Matokeo yake ni nini? Benki, simu, maji, migodi: hizo hizo ndizo tunazozitukana kila siku. Sisemi hazistahili. Nasema tunazitukana kwa sababu tumepewa cha kuzitukania.

Fikiria maji. Sisi wa mlima Meru tunajulikana kwa meno yetu ya kahawia. Mtu wa Arusha akicheka mjini Tanga watu wanajua kwao ni wapi. Ni madini ya floraidi yaliyo katika maji yanayotoka kwenye miamba ya volkano. Shirika la Afya Duniani hushauri yasizidi miligramu 1.5 katika lita moja, na kwa miaka mingi Tanzania iliruhusu hadi miligramu 4, kwa kuwa bila hivyo watu wengi wasingekuwa na maji kabisa. Mamlaka ya maji inatakiwa kupima. Inapima, namba zinajulikana, basi inasutwa, na mradi wake mkubwa uliogharimu mamia ya mabilioni ya shilingi kwa mkopo wa Benki ya Maendeleo ya Afrika unasemwa katika kila kikao. Na yule bwana aliyechimba kisima uani kwake, anayejaza matangi na kuuza kwa ndoo, maji yake yana floraidi kiasi gani? Hakuna namba. Kwa hiyo hakuna lawama. Nimewasikia watu wazima wakisema maji ya kisima cha fulani ni matamu na salama kuliko ya bomba. Utamu naukubali. Usalama wameutoa wapi?

Hata hukumu yetu juu ya mashirika ya umma imepinda kwa namna hiyo hiyo. Tumeimba tangu miaka ya 1980 kwamba mashirika ya umma yalioza na ya watu binafsi yalikuwa safi. Mashirika ya umma yalikaguliwa na wakaguzi wa Serikali, ripoti zikafika Bungeni, wabunge wakapiga meza, magazeti yakaandika. Kiwanda chetu cha matairi cha hapa Arusha, General Tyre, kila kidonda chake kilionyeshwa taifa zima, na mpaka leo kinatajwa Bungeni. Kiwanda cha mtu binafsi kilichokufa mwaka huo huo kilikufa kimyakimya. Mwenyewe alifunga lango, akaondoka na funguo. Nilikuwamo ndani ya shirika la umma, nayajua yaliyofanyika, wala siyatetei. Ila ukinilazimisha niseme upande upi ulikula zaidi, nitakujibu kwamba daftari la upande mmoja halikuwahi kufunguliwa mbele yangu.

Sasa nifike kwenye jambo lililonishikisha kalamu.

Ngaramtoni kwetu si kijiji cha kawaida. Hapa hapa ndipo ilipo ofisi kuu inayosajili kila dawa ya kuua wadudu, kuvu na magugu inayouzwa Tanzania nzima. Wazee bado wanaiita TPRI. Ilikuwa taasisi ya utafiti wa viuatilifu ya Afrika Mashariki. Jumuiya ilipovunjika mwaka 1977 ikabaki mikononi mwa Tanzania, ikatungiwa sheria yake mwaka 1979. Kisha ikaja Sheria ya Afya ya Mimea ya mwaka 2020, na TPRI ikageuka kuwa Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu Tanzania, kwa kifupi TPHPA. Dawa anayopulizia mkulima wa Songea au wa Bukoba, karatasi zake zinakaa kwenye kabati lililo mwendo mfupi kutoka sokoni kwetu, pale ambapo yeyo anapanga mafungu ya nyanya juu ya gunia. Wenye faili na wenye mapafu tunapishana barabarani kila asubuhi.

Ofisi hiyo hutoa orodha. Nimeisoma, na nawasifu kwa kuitoa, maana nchi nyingi hazina hata hiyo. Inaeleza jina la biashara la dawa, kiambato amilifu, yaani kile kitu chenyewe kinachoua, namba ya usajili, mwenye usajili, na dawa ni ya nini. Inatenganisha zilizosajiliwa kikamilifu na zilizopewa kibali cha muda au cha masharti. Ukiipitia kwa kidole utaona jambo ambalo mwenye duka hakwambii: kiambato kimoja kimesajiliwa kwa majina mengi ya biashara, na kila jina lina kampuni yake. Makampuni mengine ni majitu ya dunia, yenye makao Uswisi na Ujerumani. Mengine ni ya wafanyabiashara wa hapa hapa, wanaoagiza shehena kutoka ng'ambo na kuibandika lebo zao. Katika orodha hiyo wote wamekaa mstari mmoja, mrefu na mfupi. Lakini orodha inaishia hapo. Haielezi ni sampuli ngapi za kampuni ipi zilichukuliwa madukani zikakutwa na upungufu, ni mzigo wa nani uliozuiwa bandarini au Namanga, ni nani aliyeonywa mara mbili, wala ni dawa ya nani iliyotajwa hospitalini mtu alipoletwa akitokwa povu.

Mwaka jana niliingia katika duka moja la pembejeo kununua dawa ya magugu. Muuzaji ni kijana mwenye adabu.

"Shikamoo, babu."

"Marahaba, mwanangu. Nipe dawa ya magugu. Unazo za kampuni gani?"

Akaweka chupa mbili juu ya meza. Nikavaa miwani. Kiambato ni kile kile, glaifoseti, na kipimo ni kile kile.

"Chukua hii, babu," akasema, akisogeza ile ya bei nafuu. "Hii haina kesi. Ile nyingine ndiyo ile ya kansa, tumesikia Wamarekani wameishitaki."

Haina kesi! Sijapata kusikia maneno mawili yanayoeleza ugonjwa wetu vizuri namna ile. Simlaumu kijana, anasema wanachosema wote. Lakini hebu tufuate habari hiyo tangu mwanzo.

Glaifoseti iliingizwa sokoni na kampuni ya Monsanto ya Marekani katika miaka ya 1970. Hakimiliki yake huko Marekani ilikwisha mwaka 2000, na tangu hapo kiwanda chochote duniani kinaweza kuitengeneza. Vya China peke yake ni vingi. Machi 2015, shirika la utafiti wa saratani lililo chini ya Shirika la Afya Duniani likasema kwamba glaifoseti yenyewe, si chapa ya fulani, yaelekea husababisha saratani kwa binadamu. Wasimamizi wa Marekani na wa Ulaya hawakukubaliana na maneno hayo, na mabishano yanaendelea. Wakulima na watunza bustani wa Marekani wakaenda mahakamani kuishitaki Monsanto. Na kwa kuwa mahakama za kule zina uwezo wa kumlazimisha mshitakiwa atoe barua zake za ndani, mwaka 2017 barua hizo zilifunguliwa, na dunia ikasoma jinsi wakubwa wa kampuni walivyokuwa wakiandikiana. Agosti 2018 baraza la wazee wa mahakama huko San Francisco likampa mtunza bustani mmoja fidia ya dola milioni 289, ambazo baadaye zilipunguzwa. Kampuni ya Bayer ya Ujerumani, iliyokuwa imeinunua Monsanto mwaka huo huo, ilitangaza mwaka 2020 kwamba itatoa zaidi ya dola bilioni 10 kumaliza sehemu kubwa ya kesi.

Hilo ndilo faili nene. Sasa nionyeshe faili la kampuni iliyotengeneza ile chupa ya bei nafuu. Kitu kilichomo ni kile kile. Kama kinadhuru, kinadhuru katika chupa zote mbili. Tofauti ni kwamba mtengenezaji mmoja yuko chini ya mahakama zinazofungua makabati, na mwingine hayuko. Huenda barua za ndani za huyo wa pili ni safi kama theluji ya Kilimanjaro. Huenda ni chafu mara kumi. Kijana wa dukani ameshachagua kwamba ni safi, na mamia ya wakulima wanaonunua kwake wamechagua pamoja naye, na kampuni ile ya pili imepata soko kwa sababu ya giza lake. Hapo ndipo penye hatari ninayoisema. Tukiendelea hivi tutakuwa tunamwadhibu anayelazimishwa kusema na kumtuza anayenyamaza, na kila mfanyabiashara mwenye akili ataona njia ya kupita.

Dawa ya ukungu yenye mankozebu, ambayo hakuna mkulima wa nyanya wa Arumeru asiyeijua, ina mkasa unaofanana na huo. Desemba 2020 Umoja wa Ulaya uliamua kutoiongezea kibali. Sababu zao ziko wazi, zimechapishwa, kurasa kwa kurasa: wasiwasi juu ya uzazi na juu ya kuvuruga homoni za mwili. Mkulima wa Ufaransa anayetaka kujua kwa nini ameondolewa dawa yake anaweza kuzisoma. Sisi tunaopulizia kwa bomba la mgongoni, tukipima kwa kisoda, tukiwa na kitambaa puani au bila kitambaa, tunasoma lebo yenye utepe wa rangi chini na maandishi madogo kama miguu ya sisimizi. Waliokuja kwa kishindo ni wadudu tu. Yule kiwavi wa nyanya aliyebainika hapa Arumeru mwaka 2014 wakulima walimwita Kantangaze, kwa kuwa humtangaza mtu kuwa amefilisika. Kiwavi tumempa jina la utangazaji. Waliotuuzia dawa zisizomuua hawajatangazwa na yeyote. (Nilipulizia mara tatu msimu ule. Nilivuna matenga manne, mawili ya kulisha ng'ombe.)

Nimesema Marekani mara mbili tatu, na kuna msomaji atakayenuna. Basi nitasema mara moja zaidi, kwa sababu kule kuna mfano unaopigilia msumari.

Usiku wa kuamkia tarehe 3 Desemba 1984, katika mji wa Bhopal nchini India, gesi ilivuja kutoka kiwanda cha kutengenezea dawa za wadudu cha Union Carbide. Maelfu ya watu walikufa. Waliokuwa wakiishi ukutani mwa kiwanda hawakujua ndani kulikuwa na nini. Wamarekani wakaogopa kwamba wao pia wanaishi karibu na matangi wasiyoyajua, na mwaka 1986 wakatunga sheria inayovitaka viwanda kutangaza kila mwaka ni sumu gani na kiasi gani vimeitoa hewani, majini na ardhini, kiwanda kwa kiwanda, kwa jina. Orodha ya kwanza ilipotoka watu walistuka, na viwanda vya kemikali ndivyo vilivyoonekana mashetani. Kumbe sheria ile haikuwagusa wachimba madini ya metali. Kwa muongo mzima wachimba madini hawakuwamo katika orodha, kwa hiyo hawakuwamo katika lawama. Walipoongezwa, taarifa za mwaka 1998 zikaonyesha kwamba wao peke yao wanachangia karibu nusu ya sumu yote iliyoripotiwa nchi nzima. Mwaka uliotangulia walikuwa sifuri. Milima ile ya vifusi ilikuwapo siku zote, ila haikuwa na safu katika jedwali.

Ndugu msomaji, sifuri ile ndiyo ninayoihofia hapa kwetu.

Na tusijidanganye kwamba hatujaumwa na nyoka huyu. Fedha zilizochotwa Benki Kuu katika akaunti ya madeni ya nje, ile ya EPA, mwaka wa fedha wa 2005/06, shilingi bilioni 133, zilikwenda kwa makampuni 22. Mtu wa kawaida alikuwa ameyasikia mangapi kati ya hayo 22 kabla ya ukaguzi kutangazwa Januari 2008? Yalikuwa na vyeti vya usajili, na vyeti vilitosha. Mwezi mmoja baadaye kamati teule ya Bunge iliyoongozwa na Dk. Harrison Mwakyembe ikaeleza kwamba kampuni ya Richmond, iliyopewa mkataba wa kuzalisha umeme wa dharura mwaka 2006 nchi ikiwa gizani, haikuwa na uwezo wala uzoefu wa kazi hiyo. Waziri Mkuu, jirani yetu wa Monduli, marehemu Edward Lowassa, akajiuzulu, huku akilalamika kwamba kamati haikumsikiliza. Sifufui kesi hiyo. Ninachouliza ni kwa nini ilihitajika kamati ya Bunge kugundua jambo ambalo daftari la msajili lingepaswa kumwonyesha karani yeyote kwa ada ya shilingi kadhaa. Tangu zama zile tumekuwa na neno zuri sana, kampuni ya mfukoni. Neno tunalo, daftari la kuonyesha mfuko ni wa nani ndilo lililochelewa. Sheria ya fedha ya mwaka 2020 ililazimisha makampuni kutaja wamiliki wake halisi, na kanuni zikafuata mwaka 2021, lakini daftari hilo ni la vyombo vya dola, si la mimi na wewe. Uingereza daftari lao wameliweka wazi kwa kila mtu tangu 2016. Ni kweli pia kwamba Novemba 2022 mahakama ya Umoja wa Ulaya ilisema kuliweka wazi kwa watu wote ni kuingilia faragha. Nimelisoma jambo hilo, na nikakumbuka kwamba mahakama ile iko Luxembourg.

Wapinzani wangu nawajua, na hoja zao nazijua. Wa kwanza husema: hizo ni siri za biashara. Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya mwaka 2016 yenyewe inalinda maslahi halali ya biashara. Sawa. Namna ya kuchanganya dawa ni siri, mwachie mwenyewe. Lakini kwamba sampuli yake ilichukuliwa dukani ikakutwa haina nusu ya kile kilichoandikwa kwenye lebo, hiyo ni siri ya biashara gani? Hiyo ni biashara yangu mimi niliyetoa fedha.

Wa pili husema kuwa mkulima haelewi namba, atatishika bure. Mkulima huyo huyo anajua bei ya tenga la nyanya Kilombero asubuhi na jioni, anajua mbegu ipi ya maharage kutoka Selian inavumilia ukame na ipi inapendwa na walaji, anakumbuka deni la jirani tangu msiba wa mwaka juzi. Huyu ndiye haelewi namba?

Wa tatu ndiye namheshimu. Husema: ukitangaza makosa ya makampuni yanayokaguliwa, utayaua yale ya hapa nyumbani yanayojitahidi, na wauzaji wa magendo wasiokaguliwa kabisa watabaki wakicheka. Hoja hii ni ya kweli, na ukiitazama vizuri ni hoja yangu mwenyewe. Dawa yake haiwezi kuwa kuwafunika wote. Dawa ni kuandika, kando ya kila jina, idadi ya mara lilipokaguliwa. Kampuni iliyokaguliwa mara 40 ikakutwa na kosa mara 3 isomwe hivyo. Kampuni ambayo haijakaguliwa hata mara moja isomwe hivyo pia, kwa herufi za ukubwa ule ule: HAIJAKAGULIWA. Mwandishi wa gazeti anayetaka kupanga makampuni kwa ubaya wake aanze na safu hiyo. Wale jamaa wa mashirika ya hiari wanaotuletea vitabu vya rangi vinavyopanga makampuni kuanzia jema hadi baya, nao waanze hapo. Maana nimeviona baadhi, na kila mara lililo chini kabisa ni lile lenye ripoti ndefu.

Sidai mambo ya ajabu. Tulichokwisha kuziamuru benki zifanye kila miezi mitatu, kwa ajili ya kulinda akiba zetu, tukiamuru pia kwa wale wanaotuuzia vitu tunavyovivuta kwa pua na kuvimeza na mchicha. Akiba ya benki ikipotea mtu hulia akaanza upya. Kuna mwanamke mtaani kwetu, simtaji, aliyekuwa akipalilia huku mtoto amelala mgongoni wakati mumewe anapulizia upande wa juu wa shamba, upepo ukitoka mlimani. Mtoto alilazwa siku tisa. Daktari aliuliza ni dawa gani. Mume akasema, "ile yenye kifuniko chekundu." Akaulizwa ya kampuni gani. Chupa ilikuwa imekwisha kuoshwa, imetiwa mafuta ya taa.

Sheria ile ya 2016 humpa raia haki ya kuomba taarifa kwa maandishi na kujibiwa ndani ya siku 30. Barua nimeshaandika. Ina safu sita: jina la kampuni, jina la dawa, mara ilizokaguliwa katika miaka mitano, mara zilizokutwa na kosa, kosa lenyewe, hatua iliyochukuliwa. Nimeacha nafasi ya sahihi chini. Majirani wanne wameshatia. Mzee wa jumba la pili ameniuliza kama hii ni siasa, nikamwambia ni uhasibu, akasema atafikiri. Yule mwanamke amesema atatia Jumatatu, akimaliza kupalilia.